Wino Kwanza, Herufi Baadaye

Mhariri wa kwanza niliyemheshimu katika kazi ya kuchora alikuwa mashine ya fotokopi. Ilikuwa katika kibanda kimoja jirani na chuo kikuu, hapa Lubumbashi, na kila ukurasa wa bede, kama tunavyoziita hadithi za katuni huku kwetu, ulipita chini ya kioo chake kabla ya kumfikia msomaji. Ilijua nyeusi na nyeupe, basi. Kivuli ulichokilaza polepole kwa penseli kilitoka cheupe kabisa au kikageuka doa. Mama muuza makaa uliyemchora hadi macho yakauma alitoka hana pua.

Tukajifunza kuchora kwa kuifuata mashine. Kivuli tulikijenga kwa mistari ya kalamu ya nibu, myembamba, ikipishana, ikizidi kubanana kadiri giza linavyoingia. Nafasi kati ya mstari na mstari ilibidi iachwe pana kiasi kwamba wino wa unga wa mashine usiizibe. Mtu akizitazama kurasa zetu za wakati ule anaweza kudhani tuliwaiga wachoraji wa kale wa Ulaya. Tulichokuwa tunatafuta ni kulipa bei ya nakala nyeusi badala ya bei ya nakala ya rangi, ili kijana wa Kenya aweze kununua kijitabu na bado abaki na nauli. (Kenya ninayoisema ni komini yetu ya hapa mjini, penye uwanja wa Kibassa Maliba, siyo nchi.)

Naanza na mashine hiyo kwa sababu vijana wanaokuja kuniona na madaftari yao huniita yaya, yaani ndugu mkubwa, na kuuliza swali lilelile: "Yaya, tuchore na mukono ao na ordinatere?" Wengi hutarajia mtu wa umri wangu atetee wino, kisha wakawaambie wenzao kwamba wakubwa wameikataa kompyuta. Mimi nawauliza ukurasa wenyewe unakwenda wapi. Utasomwa na nani, juu ya nini, kwa lugha gani, na nani atakayeutafuta baada ya miaka kumi? Mtu akishayajibu hayo, nusu ya ubishi imekwisha, kwa sababu hatua nyingi za ukurasa hujichagulia chombo zenyewe. Nusu iliyobaki ndiyo inayonishughulisha hadi leo.

Leo msomaji wangu anasoma kwenye simu, amebanwa ndani ya teksi-basi ya kwenda Ruashi. Bede inamfikia kwa WhatsApp, imetumwa na mtu aliyetumiwa na mtu mwingine. Picha ikitumwa kama picha, WhatsApp huibana ipungue uzito, na herufi ndogo ndizo za kwanza kuharibika. Ikitumwa kama faili inafika ilivyo, ila inakula megabaiti za mpokeaji, na megabaiti huku watu wanazihesabu. Kwa hiyo kisanduku kimoja kwa skrini moja, herufi kubwa, mistari minene. Ile mistari myembamba iliyopishana, iliyotuokoa mbele ya fotokopi, kwenye skrini ndogo inachanganyikana na kuwa ukungu. Ujuzi uleule, mkono uleule, na ukurasa umekufa kwa sababu njia imebadilika.

Mji huu una historia ya watu walioshika chombo kilichowafaa bila kuomba ruhusa. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji hapa, wakati huo mji ukiitwa Élisabethville, na karakana ikajulikana kwa jina la Hangar. Humo Bela alichora kwa ncha za vidole vyake, bila brashi. Mwenze Kibwanga alijaza miili ya watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyolala pamoja. Pili Pili Mulongoy alitawanya alama ndogondogo nyuma ya ndege na samaki wake mpaka pasibaki mahali patupu. Walifanya kazi chini ya paa moja, na hakuna anayeweza kuchanganya picha ya huyu na ya yule.

Binti mmoja wa komini ya Katuba, ambaye naamini atakuwa mmoja wa wachoraji wakubwa wa mji huu, hana tableti wala kompyuta. Anachora kwa kidole kwenye simu, kwa ibisPaint, programu yenye toleo la bure. Aliponionyesha kazi zake mara ya kwanza nilimwuliza kama amewahi kushika brashi. "Yaya," akanijibu, "si Bela naye alichoraka na vidole?" Nilifurahi sana kwamba analijua jina hilo. Mstari wake ulikuwa hai, unanenepa penye uzito na kukonda penye mwanga, kwa kidole kitupu, na programu ikimsaidia kidogo tu.

Kilichonisumbua katika kurasa zake kilikuwa kingine. Wahusika wake walikuwa na kope zilizochorwa mojamoja, lakini ukiisogeza simu mbali kidogo hujui nani anamsemesha nani, wala nani amesimama mbele. Sababu ni kule kukuza. Skrini ya simu ni ndogo; ili kidole kipate nafasi, inabidi aivute picha ikue, na akishaikuza haoni tena ukurasa, anaona jicho. Analichora jicho kana kwamba ndiyo habari yote, kisha anahamia sikio. Karatasi haikuachii ufanye hivyo. Ukiinama juu ya karatasi ya A3, pua ikikaribia kugusa wino, pembe za macho bado zinauona ukurasa mzima, na mkono unajua kwamba kisanduku hiki ni cha tatu kati ya sita na hakina ruhusa ya kupiga kelele kuliko cha mwisho. Watu husema ubaya wa kompyuta ni kile kitufe cha kurudi nyuma, kwamba kinamzoesha mchoraji woga. Sikubaliani nao. Kufuta tulifuta sisi pia, kwa wembe na kwa rangi nyeupe. Kukuza ndiko kunakowapoteza wanaoanza, na dawa yake haina gharama: kabla ya kuiwasha simu, uchore ukurasa wote kwa kalamu ya biki, mdogo kiasi cha kufunikwa na kiganja, kisha mpe mtu auangalie akiwa ameushika kwa mkono ulionyooshwa. Akishindwa kusema kinachotokea, hakuna kope zitakazoukomboa. Siku hizi binti huyo ana daftari la shule lililojaa kurasa hizo ndogo, na hadithi zake zinasomeka tangu upande wa pili wa meza.

Katika mji huu mtu hawezi kuzungumza juu ya picha na maneno bila kumtaja mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi nzima, picha kama 100, nyingi juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na akamweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha mojamoja kwa Kiswahili cha hapa kwetu. Tshibumba alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Picha zile zimehifadhiwa Amsterdam. Maelezo aliyaandika ndani ya picha zenyewe, kwa brashi, aghalabu kwa Kifaransa, huku kinywani akiisimulia historia hiyohiyo kwa Kiswahili. Nilipokuwa kijana nilizitazama vitabuni nikavutwa na rangi. Sasa natazama maandishi. Yamekwisha kuwa mwili wa picha, na hakuna anayeweza kuyatoa ili aweke ya lugha nyingine, wala asithubutu. Yaliandikwa na mtu aliyejua mnunuzi wake ni nani, na picha itatundikwa sebuleni mwa nani.

Sisi wa bede hali yetu ni tofauti. Hadithi ileile inatakiwa kwa Kifaransa na mwalimu, na msomaji wa Kinshasa, na yeyote wa ng'ambo anayetoa fedha za uchapishaji. Inatakiwa kwa Kiswahili cha hapa na mama anayeuza bukari, yaani ugali, ambaye ndiye aliyenisimulia nusu ya visa vyangu. Na ikibahatika kuvuka mpaka wa Kasumbalesa na kufika Dar es Salaam au Nairobi, inatakiwa kwa Kiswahili kingine tena. Kwa miaka mingi niliandika herufi kwa mkono, ndani ya viputo vilivyochorwa kwa wino pamoja na picha. Toleo la pili lilipohitajika nilikata vipande vya karatasi nyeupe, nikaandika upya, nikabandika kwa gundi juu ya Kifaransa, na ukingo wa kila kipande ukaacha kivuli kwenye kila nakala.

Kivuli kile kingevumilika. Shida kubwa ilikuwa umbo. Kifaransa kimejaa maneno mafupi. Kinaingia vizuri katika kiputo chembamba kilichosimama, neno moja au mawili kwa mstari, na kisanduku kinabaki na nafasi ya uso wa msemaji. Kiswahili kinafungasha sentensi nzima ndani ya kitenzi kimoja. Chukua "hawatakurudishia" uliweke katika kiputo chembamba. Ama utapunguza herufi mpaka mtu wa teksi-basi asizione, ama utalikata neno katikati, na kitenzi cha Kiswahili kikikatwa vibaya msomaji hujikwaa, kwa kuwa mwanzo wake unasema nani na lini, lakini tendo lenyewe liko mbele bado. Viputo vya Kiswahili vinataka upana. Ukivichora kwanza kwa Kifaransa, umewabana Waswahili wako kabla hawajafungua kinywa.

Tangu nilipoliona hilo sijaandika tena herufi juu ya karatasi. Nachora picha kwa wino, na juu ya kila kisanduku naacha anga, ukuta au vumbi, upana wa kutosha. Viputo na maneno vinakuja baadaye kwenye kompyuta, kila lugha katika tabaka lake. Nazima Kifaransa, nawasha Kiswahili, na picha chini yake haijaguswa. Natumia Krita, kwa sababu ni programu huru, haina malipo ya kila mwezi, na wengi wetu hatuna kadi ya benki inayokubaliwa mtandaoni.

Hapo ndipo nilipofikia baada ya maisha marefu katika kazi hii, nami nalisema bila kusitasita: kitakachobadilika kikae kwenye kompyuta, kisichopaswa kubadilika kikae kwenye karatasi. Herufi zitabadilika. Rangi itabadilika, maana ya skrini ni ya mwanga na ya mashine ya kuchapia ni ya wino, na ile buluu kali inayong'aa kwenye simu hutoka imefifia juu ya karatasi. Ukubwa nao utabadilika, leo bango, kesho skrini. Lakini mstari wa bega la baba anayerudi mgodini bila mshahara, huo ukishapatikana usiguswe tena, na karatasi ndiyo inayokuzuia usiuguse.

Nitoe mfano wa terili yetu. Karibu kila mtoto wa Lubumbashi aliyeshika penseli amewahi kuchora bomba refu la kiwanda na, ubavuni mwake, terili yenyewe, kile kilima cheusi cha mabaki ya kuyeyusha shaba, kilichorundikwa tangu enzi za kampuni ya Union Minière. Nimekichora kwa tableti mara nyingi. Programu zina brashi za kuiga mkwaruzo wa brashi kavu, na zinapendeza, ila zinajirudia; ukitulia utaona alama iliyo hapa iko na pale. Kwa mkono nafanya hivi. Nachovya brashi katika wino wa China, naifuta kwenye kitambaa mpaka ikaribie kukauka, kisha naiburuta kwa ubavu kutoka kileleni hadi chini kwa mwendo mmoja. Nywele za brashi zinaachana. Penye vinundu vya karatasi wino unakamata, penye vishimo unaruka, mteremko unajitokeza, na weupe wa karatasi unaobaki katikati ndio mng'ao wa yale mawe. Sehemu ya kazi naifanya mimi. Iliyobaki inafanywa na karatasi, wino, na hewa ya siku hiyo.

Hewa si jambo dogo. Kuanzia Mei hadi Septemba huku ni kukavu. Wino unakaukia kwenye nibu, na vumbi jekundu la barabara linashuka juu ya ukurasa uliolowa. Mvua zikishika, kuanzia Novemba, karatasi inanyonya unyevu na mstari uliotaka uwe mwembamba unaota manyoya. Nimezoea kutia wino wakati wa kiangazi, asubuhi, madirisha yakiwa yamefungwa, na kuziachia mvua kazi za kompyuta, ijapokuwa huo ndio msimu wa radi.

Alasiri moja ya mvua umeme ulikatika nyumbani, ukarudi kwa nguvu kupita kiasi, na diski ya kompyuta ikaungua pamoja na vyote vilivyokuwa ndani. Kurasa zilizoanzia kwenye karatasi nilizipiga skana upya. Zilizozaliwa kwenye tableti hazipo. Ila nisiipendelee karatasi. Katanga yetu hii ni nchi ya vichuguu, na mchwa waliingia katika sanduku la mchoraji mwenzangu wakamaliza kazi ya miaka mingi. Zilizosalia ni zile alizokuwa amezituma kwa barua pepe kwa ndugu yake aliyeko Ndola. Kila ukurasa unahitaji kuwa mahali pawili, na mahali pamoja pawe mbali.

Mistari ya wino naipiga skana kwa nukta 600 kwa inchi. Ukurasa wa rangi, 300 zinatosha. Asiye na skana asikate tamaa. Kamera ya simu ya megapikseli 12 inatoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, na ukurasa wa A4 ukiijaza picha hiyo vizuri unapata zaidi ya nukta 300 kwa inchi. Piga nje, kivulini, simu ikiwa sambamba na karatasi, na usisogee karibu mno, lenzi itapinda kingo.

Karatasi ina faida nyingine ambayo vijana wetu hawaambiwi: ukurasa wa asili ni mmoja tu duniani, na unauzika. Mwaka 2021, huko Paris, mchoro ambao mchoraji wa bede Hergé alikuwa ameukusudia uwe jalada la kitabu chake Le Lotus bleu uliuzwa kwa zaidi ya euro milioni 3. Mchoro huo ulikataliwa miaka ya 1930 kwa sababu kuuchapa kwa rangi zile kungegharimu mno. Alipambana na mashine kama sisi tulivyopambana na fotokopi, tofauti ni kwamba karatasi yake ilitunzwa. Simwambii kijana wa Kampemba kwamba atapata hata sehemu ndogo ya fedha hizo. Namwambia kwamba akitia wino mwenyewe, ana kitu mkononi cha kumwonyesha mnunuzi, jumba la makumbusho, au watoto wake.

Wanaodhani mkono na mashine ni maadui wawatazame watu wa hapa. Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu, alianza na bede. Aliazima kamera ili apige picha za mahali alipotaka kuchora, na kamera ikamchukua. Katika Mémoire, ya mwaka 2006, aliwatoa wafanyakazi katika picha za zamani za ukoloni akawasimamisha, kwa kompyuta, mbele ya viwanda vya kampuni ya madini ya Gécamines jinsi vilivyokuwa wakati huo. Kazi ile ilihitaji mashine, kwa sababu wafanyakazi wale walipaswa kuonekana kana kwamba hawakuondoka. Kisha kuna Frank Mukunday na Tétshim. Filamu yao fupi ya mwaka 2019, Machini, imetengenezwa kwa mawe na chaki, vikisogezwa kidogokidogo na kupigwa picha mojamoja, ili kusimulia maisha ya watu wanaoishi na migodi. Wangeweza kutengeneza watu wa kompyuta. Wakaokota mawe, kwa sababu hadithi yenyewe ni ya mawe. Kila nikiitazama naona uamuzi uliofanywa na watu waliojua wanataka kusema nini kabla ya kushika chochote.

Hadithi tunayoifanya sasa, mimi na binti wa Katuba, ni ya familia moja ya wafanyakazi wa reli. Mimi natia wino, yeye anapaka rangi kwa simu yake juu ya mistari niliyoipiga skana, na rangi zake zina ujasiri ambao mimi sina. Alipaka usiku wa stesheni kwa rangi ya udongo, nami nisingethubutu. Tunapopishana ni kwenye viputo. Anasema duara la kompyuta ni laini mno kando ya mstari wa brashi, linaonekana limebandikwa, na hapo kweli amesema. Nikamweleza habari ya upana na vitenzi virefu. Akaenda, akarudi na karatasi nzima ya viputo alivyovichora kwa wino, vipana na vyembamba, vya kunong'ona na vya kupayuka, akataka tuvipige skana na kuvipanga kila mahali. Kwa Kifaransa vimekaa vizuri kabisa. Kwa Kiswahili, ukikivuta kiputo ili neno refu liingie, mstari wake nao unanenepa upande mmoja, na jicho linaona. Yeye yuko tayari kuchora kiputo kipya kwa kila neno litakalokataa kuingia. Nimemwambia achore.